Kulaza bunduki ya .375 kwenye mti wake: makosa yaliyotupasulia bunduki moja mara mbili

Ufa wa kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia nyuma ya mkia wa chuma, pale skrubu ya nyuma inapozama, ukateremka kiasi cha sentimita 3 kwenye shingo ya mti, yaani ile mbao inayobeba chuma cha bunduki. Bunduki yenyewe ni .375 H&H, kaliba ya wanyama wakubwa, ya mtindo wa Mauser 98, mti wa walnati, kilo 4.2 bila darubini. Ililetwa karakana yetu Arusha kwa shida nyingine kabisa: shabaha ilikuwa inahama. Risasi tatu za mita 100 zilitawanyika sentimita 12, na kesho yake kundi zima lilikuwa limesogea upande mwingine. Mwenye mali alishabadilisha darubini, akanunua na risasi za aina tatu. Hela yote hiyo ilikwenda bure, maana tatizo lilikuwa chini, kwenye mti, mahali ambapo jicho halifiki mpaka skrubu mbili zifunguliwe.

Tunayoandika hapa ni kwa ajili ya mafundi wenye leseni na wenye bunduki wanaowapelekea kazi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na bunduki ya mteja huipokei bila kuona karatasi zake za umiliki. Na kabla ya lolote: bolti nje, kidole kwenye chemba, magazini wazi. Hata kama aliyekukabidhi amekuapia kwamba haina kitu.

Tuelewane maneno. Resiva ni ule mwili wa chuma unaoshika mtutu mbele na ambamo bolti hutembea. Chini ya resiva, upande wa mbele, kuna kipande cha chuma kilichosimama kama jino. Hilo tutaliita jino. Nyuma kabisa resiva inaishia kwenye ulimi mwembamba unaoingia kwenye shingo ya mti. Huo ni mkia. Bunduki ikipiga teke, resiva nzima inataka kurudi nyuma ipite ndani ya mti. Kazi ya jino ni kuizuia. Kulaza maana yake ni kuandaa kitanda kigumu kinachofuata umbo la chuma, ili teke lote lipokelewe na jino peke yake, na sehemu nyingine zikae bila kubanwa wala kupindwa.

Kwa .30-06, kaliba ndogo zaidi ya uwindaji, unaweza kuishi na kitanda kibovu miaka mingi. Kwa .375 huwezi. Nishati ya teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06 kwa bunduki za uzito wa kawaida, na .458 Winchester Magnum inakaribia mara tatu. Kwa .375 yenye risasi ya grein 300 (kama gramu 19), bunduki ya kilo 4 inarudi nyuma kwa mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde. Uso wa jino la Mauser unaogusa mti ni mdogo kama stempu ya posta. Mzigo wote huo, kwenye stempu, juu ya mbao. Na kwa kuwa kaliba ya .375 ndiyo ya chini inayokubalika hapa kwetu kwa mbogo na tembo, bunduki hizi ziko nyingi kambini, na nyingi zinatembea na mti uliokwishaanza kupasuka ndani.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuutibu ufa. Tuliusafisha, tukasukuma gundi nyembamba ndani, tukafunga kwa jiriwa usiku kucha, tukapiga msasa na mafuta. Ulipendeza, hata ukiutafuta kwa kidole huusikii. Hatukufungua mbele kuangalia jino. Risasi ya kumi na moja uwanjani ufa ulirudi, safari hii mrefu zaidi, na ulipita pembeni mwa gundi yetu kwa sababu gundi ilikuwa imara kuliko mbao. Yale mashimo ya karatasi mita 100 yalikuwa bado yanatangatanga.

Hapo ndipo tulipoifungua yote. Nyuma ya jino mbao ilikuwa nyeusi, laini, imelowa mafuta ya bunduki ya miaka mingi. Ukiigusa kwa ukucha inabonyea kama sabuni ya mche iliyolala majini. Kona za juu zilikuwa zimesagika, na jino lilikuwa limejichimbia nafasi: fila geji (bati jembamba la kupimia pengo) ya milimita 0.6 iliingia bila kusukumwa. Kwa hiyo kila risasi, resiva ilikuwa inateleza nyuma zaidi ya nusu milimita, halafu kinachoisimamisha ni mkia, na mkia una umbo la kabari. Kabari ikigongwa kwenye mbao inayofuata nyuzi, mbao inapasuka. Ufa wa nyuma ni dalili. Ugonjwa uko mbele. Ukikuta .375 imepasuka nyuma ya mkia, usishike gundi kabla hujaangalia jino.

Kuna vipimo vitatu vya haraka ambavyo sasa tunaanza navyo. Cha kwanza ni masizi. Paka masizi ya koroboi yaliyochanganywa na tone la mafuta kwenye jino na mkia, laza resiva, funga skrubu, fungua, tazama palipochafuka. Mkia ukichafua mbao kwa nyuma, umeshapata jibu. Cha pili ni geji ya saa, kipimo cha sindano kinachoonyesha mwendo mdogo sana: ifunge kwenye ncha ya mti mbele, sindano iguse mtutu, kisha legeza skrubu ya mbele taratibu. Sindano ikitembea zaidi ya milimita 0.05, resiva inapindwa kila unapoikaza, na shabaha haiwezi kutulia. Yetu ilitembea 0.2. Cha tatu ni sanduku la magazini. Likae na uchezaji wa kama nusu milimita juu na chini. Sanduku likibanwa kati ya resiva na chuma cha chini, unakaza skrubu ukidhani unabana mti, kumbe unabana bati.

Tukaamua kulaza upya. Na hapa tulifanya kosa la pili, lililouma zaidi, kwa sababu kazi yenyewe ilitoka nzuri kwa macho. Tulichimba mbao, tukamwaga epoksi (gundi ya kuchanganya inayokomaa ngumu) mbele na nyuma, chuma kikatoka safi, kitanda kinang'aa kama kioo. Mkia ulikaa kwenye epoksi bila pengo hata la nywele. Tulijisifu kwa ukaribu ule. Risasi ishirini baadaye mti ulipasuka tena pale pale. Epoksi ngumu iliyoukumbatia mkia kwa nyuma ilipeleka teke moja kwa moja kwenye shingo. Jino lilikuwa limelala vizuri, ndiyo, lakini mkia nao ulikuwa unapokea sehemu ya mzigo, na shingo ya mti haikuumbwa kwa hilo. Mkia unatakiwa kukalia kitanda kwa chini tu. Nyuma yake pawe na pengo. Kipimo chetu ni kadi ya benki: ina unene wa karibu milimita 0.76, na ikiingia nyuma ya mkia bila kulazimishwa, pengo linatosha.

Kazi ya mara ya tatu ndiyo iliyosimama. Tunaieleza kwa mpangilio tulioifanyia.

Siku mbili za kwanza ni za mafuta tu, na ndizo watu huziruka. Epoksi haishiki mbao yenye mafuta. Tulikwangua kwa patasi mbao yote laini nyuma ya jino mpaka tukafikia mbao ya rangi yake, yenye sauti kavu ukiigonga. Kisha asetoni kwa brashi, juu yake unga wa chokaa ya ubaoni, unaachwa ukauke. Chokaa hunyonya mafuta na kugeuka rangi ya manjano. Unafuta, unarudia. Sisi tulirudia mara saba mpaka chokaa ikabaki nyeupe. Fanya hivyo nje au penye upepo, mbali na jiko na sigara.

Kisha ufa. Kabla ya kitanda kipya, ufa ulifunguliwa kidogo kwa kabari ya plastiki, ukapewa epoksi nyembamba iliyopashwa joto la jua ili itiririke, ukafungwa. Tuliongeza vyuma viwili vya kukingama vyenye uzi, milimita 6: kimoja nyuma ya mahali pa jino, kingine kwenye ule ukuta mwembamba kati ya magazini na triga. Ukuta huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote kwenye mti wa Mauser, kwa kuwa umetobolewa mbele na nyuma. Mauser wenyewe walitia chuma cha kukingama kwenye bunduki ya jeshi ya 1898, ambayo teke lake ni dogo kuliko hili. Bunduki ya .375 isiyo nacho itakuwa mgonjwa wako siku moja.

Kuchimba: nyuma ya jino tulitoa milimita 3, pembeni na chini ya resiva ya mbele milimita 2, na chini ya mtutu sentimita 4 za mwanzo. Chini ya mkia milimita 2. Mbele ya zile sentimita 4 mtutu uliachwa huru. Karatasi mbili zikunjwe pamoja zipite chini yake mpaka kwenye resiva. Usichimbe kila mahali. Acha visiwa viwili au vitatu vidogo vya mbao ya asili ili resiva ijue kimo chake. Ukivichimba vyote, chuma kinazama, bolti inagusa mti, na sanduku la magazini linabanwa. Kisha toboa vishimo vya milimita 4 vilivyoinama huku na huko ndani ya mbao nyuma ya jino. Epoksi ikiingia humo inaota mizizi.

Kwenye skrubu tuliweka nguzo: vipande vya bomba la alumini, kipenyo cha nje milimita 14, kila kimoja kikiwa na urefu sawasawa na umbali kati ya resiva na chuma cha chini. Nguzo zinazuia mbao kubonyea unapokaza. Pima kwa venia mara tatu kabla ya kukata.

Sasa tepu, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Tepu nyeusi ya umeme ina unene wa karibu milimita 0.15. Jino lilivaa tepu mbili mbele, mbili kila upande na mbili chini. Nyuma halikuvaa kitu. Uso wa nyuma ndio pekee unaotakiwa kugusa epoksi. Zile nyuso nyingine zikigusa, resiva haitaingia wala kutoka bila kukwangua kitanda, na jino litakaa juu ya uchafu badala ya kukaa chini. Mkia ulivaa tepu tano kwa nyuma na kwenye ubavu wa pembe zake, ambazo zinatoa karibu milimita 0.75, pengo lile la kadi ya benki. Chini ya mkia hapakuwekwa kitu. Mtutu ulizungushiwa tepu karibu na ncha ya mti, mizunguko mingi kiasi cha kuuinua na kuuweka katikati.

Mashimo yote ya chuma yanazibwa kwa plastisini ya watoto: mashimo ya skrubu, njia ya magazini, nafasi ya triga, kila tundu na kila mfereji. Tuliwahi kusahau tundu moja dogo pembeni mwa resiva. Epoksi iliingia, ikakomaa ndani yake kama kigingi, na chuma kikagoma kutoka. Likikutokea, usipige kwa nyundo ya chuma wala usikongoe kwa bisibisi. Weka bunduki nzima ndani ya friza kwa muda wa saa nne au tano, ili chuma kisinyae, kisha shika mti kwa mkono mmoja na ugonge mtutu kwa chini kwa nyundo ya mpira. Yetu ilitoka jaribio la tatu kwa mlio uliotusimamisha moyo, na ilikwenda na kipande cha kitanda cha ukubwa wa ukucha. Wiki nzima ya kazi ilirudiwa.

Cha kuzuia gundi isishike chuma, dawa ya viatu isiyo na rangi inafaa. Mipako miwili, kila mmoja ukauke na kung'arishwa kidogo. Paka hata pale unapoamini epoksi haitafika. Paka nyuzi za skrubu, na mti kwa nje uvae maskingi tepu.

Skrubu za Mauser 98 zina uzi wa robo inchi, nyuzi 22 kwa inchi. Huupati duka la vifaa. Wa kawaida ni 20 au 28, na ukilazimisha unaharibu resiva. Tulichukua skrubu kuukuu za Mauser, tukakata vichwa, tukachonga mfereji wa bisibisi kwenye ncha, tukazifunga kwenye resiva zikawa vijiti vya kuongoza. Zinaiteremsha resiva mahali pake bila kukaza chochote.

Epoksi. Ile ya dakika tano haifai. Ni laini na haipendi joto. Tulitumia Devcon yenye unga wa chuma. Mchanganyiko wake ni 2.5 kwa 1 kwa ujazo, lakini 9 kwa 1 kwa uzito, na hapa watu wengi wanaumia: wanapima kwa mizani huku wakifuata namba ya ujazo. Hadina, ile sehemu ya pili inayokomaza epoksi, ikizidi hivyo, kitanda hakikomai vizuri, kinabaki na ulaini ambao utauona baada ya risasi chache. Sisi tulitumia mizani ya sonara: gramu 54 kwa gramu 6. Gramu 60 zilitosha mbele na nyuma, zikabaki kidogo tukaziacha juu ya bati kama kipimo cha ukaukaji. Epoksi nyingine, Acraglas Gel, yenyewe ni 1 kwa 1 kwa ujazo, rahisi zaidi kwa anayeanza. Vaa glavu, ngozi ikishaanza kukataa epoksi, haiachi.

Joto ni adui wa saa. Kopo linakupa kama dakika 45 kwenye nyuzi 24. Kwenye karakana ya bati saa nane mchana ni nyuzi 32, na muda huo unaweza kupungua hadi nusu. Tulichanganya saa moja asubuhi. Koroga taratibu dakika tatu, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe, kisha tandaza juu ya bati ili mapovu yapasuke. Sukuma epoksi kwanza kwenye vishimo na kona ya nyuma ya jino kwa kijiti, ukiibandika kwenye mbao badala ya kuimwaga. Povu likibaki kwenye uso unaopokea jino, ni shimo kwenye ukuta unaobeba mzigo wote.

Resiva ikashuka kwa vijiti, epoksi ikafurika pande zote mbili, dalili nzuri. Hatukukaza skrubu. Ukizikaza wakati epoksi ni mbichi, unaipinda resiva, na epoksi inakomaa ikilikumbuka pindo hilo. Kila utakapokaza baadaye shabaha itahama, na umerudi ulikotoka. Tulifunga kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, mizunguko sita mbele na minne nyuma, mvuto wa mkono tu. Iliyofurika ilifutwa kwa pamba na spiriti. Kisha hapaguswi. Baada ya saa tatu tulizungusha vijiti robo mzunguko tu kuhakikisha havijashikwa.

Tulitoa chuma baada ya saa 24. Bisibisi haikuhitajika, nyundo ya mpira mara mbili ikatosha. Uso wa nyuma ya jino ulikuwa bapa, bila povu. Kingo zilikatwa kwa patasi kali, mashimo ya skrubu yakapanuliwa hadi milimita 8 ili skrubu isiguse ukuta, kwa sababu skrubu inayogusa inakuwa jino la pili, na haina nguvu hiyo. Mbao yote iliyobaki wazi ndani ilipakwa vanishi nyembamba. Watu hupamba nje na kusahau ndani, halafu masika yakiingia mbao inanywa maji kutoka huko.

Uwanjani hatukwenda siku hiyo. Tulisubiri siku saba. Skrubu ya mbele hukazwa kwanza, ya nyuma baadaye, zote Newton-mita 6 kwa kuwa kuna nguzo; mti usio na nguzo usizidishe 4.5. Geji ya saa ilitembea milimita 0.02. Tulijaribu kulisha risasi nne za mazoezi zisizo na baruti, usalama, triga, bolti juu na chini. Kisha risasi tano za kweli, fungua, kagua. Kumi nyingine, fungua, kagua. Risasi za .375 ni ghali, pakiti moja ya ishirini inazidi bei ya epoksi yote tuliyotumia, lakini ukaguzi huo haukwepeki. Baada ya risasi tano skrubu ya mbele ilikubali kukazwa kidogo zaidi. Baada ya kumi haikusogea. Makundi ya risasi tatu yalikaa chini ya sentimita 4, na yalibaki mahali pamoja kesho yake na wiki iliyofuata.

Tulichora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha chini, ili mwenyewe aone kambini bila kifaa kama imelegea. Anatakiwa kuileta kila baada ya masika, mbao ikishavimba na kukauka. Mara ya mwisho ilipofunguliwa, masizi yaliacha alama nyuma ya jino tu, upana mzima, kona hadi kona, na kadi ya benki ilipita nyuma ya mkia kama siku ya kwanza.